Vyuma vya Dekovili

Mwanamke aliyeleta habari hakutaka kuingia ndani kwa sababu ya matope. Alibaki barazani kwa Wenceslas Kalenga, kikwembe chake kimelowa mpaka kiunoni, akaomba maji. Émerence, mke wa Wenceslas, akamletea kikombe na kusubiri anywe. Hakumharakisha. Tangu vita vifike upande wa Kabongo, mwanzoni mwa mwaka ule wa 1999, watu wa Kamina walikuwa wamejifunza kwamba mtu anayetoka porini hupewa maji kabla ya kuulizwa jambo.

"Natoka ku ferme ya Lusenji," mwanamke akasema. "Mama Dorothée njo alinituma. Anasema batoto beko buzima."

Émerence akashika nguzo ya baraza.

"Bote babili?"

"Bote. Mira na Béni. Lakini pont ya barabara, ile daraja, imeanguka. Basoda balivunja wakati balikuwa banakimbia. Basoda ya nani, minyi sijue. Sasa maji imejaa mu dembo. Mutu hawezi kupita na muzigo."

"Na Mama Dorothée mwenyewe?"

"Miguu yake imevimba, hatembei. Anakaa juu ya mahindi." Mwanamke alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Banaume balisema batamubeba mu kipoyi. Alikataa. Anasema yeye haiko muzungu ya zamani, hatabebwa juu ya mabega ya bantu."

Émerence naye alitabasamu, maana sauti ya wifi yake aliisikia waziwazi katika maneno yale. Dorothée alikuwa dada mkubwa wa Wenceslas, Yaya wake, ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufa. Watu walipoanza kusema kwamba ndege zitapiga mji, yeye ndiye aliyewachukua watoto na kwenda nao Lusenji, kwenye ferme, ambako familia ililima shamba. Mshahara wa Wenceslas kwenye stesheni ulikuwa umekatika, na wa Émerence shuleni ulikuwa wa kusikia tu. Walichokuwa nacho duniani ni watoto wale na mahindi yale, na vyote viwili vilikuwa ng'ambo ya maji.

"Na weye, mama, ulipita wapi?"

"Nilipita juu ya dekovili," mwanamke akajibu. "Pale reli iko, nilitembea. Pale balishaitosha, haiko tena, niliingia mu maji na kuita Mungu."

Wenceslas alikuwa amesikia yote kutoka kwenye kiti chake ndani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye mikono laini ya kukata tikiti. Treni kubwa bado zilipita Kamina, lakini zilipita zinapotaka, zimejaa askari, na hakuna askari anayenunua tikiti. Tangu dirisha lake la tikiti, guichet, lifungwe alikuwa amezoea kukaa, na kila alipoulizwa jambo alijibu kwa adabu kwamba haliwezekani.

"Tutengeneze dekovili," Émerence akasema, akiwa amesimama mlangoni.

"Dekovili," Wenceslas akarudia, kana kwamba ametajiwa jina la mtu aliyekufa zamani.

Ilikuwa reli ndogo, ya upana wa hatua moja ya mtu mzima. Kampuni ya pamba iliijenga wakati wa Wabelgiji ili vigari vya kusukumwa kwa mikono vilete pamba mpaka kwenye reli kubwa. Kampuni ikaondoka, majani yakaota, na reli ile ikabaki imelala juu ya tuta lake katikati ya dembo, lile bonde la matope linalogeuka ziwa kila mvua zikizidi. Vipande vyake vilikuwa vimeungwa na vyuma vya kukingama kama ngazi, kwa hiyo watu wa mji waligundua mapema kwamba vinafaa kwa mambo mengi.

"Reli haiko tena ku dembo, Mama Mira," Wenceslas akasema. "Iko mu manyumba ya bantu. Iko mu lupango ya Salomon Kitenge, anafungia mbuzi. Iko nyuma ya kanisa. Bamama ba sokoni banaweka masafuria juu yake."

"Haikuisha yote. Huyu mama ametembea juu yake. Inakosa tu upande wetu, mu dembo. Tukiipata ile, vigari vitafika mpaka ku nchi kavu, kisha bantu ba kinga batabeba mahindi ku mabaiskeli yao."

"Na nani ataenda kuomba vyuma?"

Émerence alielewa. Jina lake la nyumbani lilikuwa Kapinga. Baba yake alitoka Kasai kufanya kazi ya reli. Miaka sita nyuma, watu wenye majina kama lake walifukuzwa Katanga, mkoa huu wa Kamina, wakalala kwenye stesheni na masanduku yao wakisubiri treni, na wengine walifia palepale. Yeye alibaki kwa sababu aliolewa na Muluba wa hapa. Milango ambayo sasa ilitakiwa kubishwa, mingine ilikuwa ileile iliyofungwa mbele yake siku zile.

"Nitaenda minyi," akasema.

Alianza kwa Pasteur Zébédée, maana kigari kimoja kilikuwa nyuma ya kanisa la Kimethodisti, kimejaa mchanga wa kujengea. Pasteur alimsikiliza vizuri, akakubali kwamba jambo ni la Kikristo, kisha akaeleza kwamba kigari ni mali ya kanisa, kwa hiyo lazima kamati ikutane, na mwenyekiti wa kamati amekimbilia Lubumbashi, na barua zinachelewa.

Alipokuwa bado anaeleza, sauti ya koleo ikasikika. Akina mama wa kwaya, waliokuja kwa mazoezi, walikuwa wamepanda kigari na kuanza kumwaga mchanga. Wawili wao walikuwa na ndugu Lusenji.

"Bamama," Pasteur akasema.

"Endelea tu kusema na mwalimu, Pasteur," mmoja akamjibu. "Sisi tunapanga vizuri mu kona, hautapotea."

Pasteur aliangalia mchanga, akaangalia koleo. Kisha akavua koti lake, akalitundika kwenye dirisha, akaingia kusaidia kumwaga.

Siku ile ya kwanza Émerence alirudi nyumbani amechoka lakini moyo mwepesi. Sokoni walimpa vipande viwili vya chuma vyeusi kwa masizi. Fundi wa baiskeli alitoa boliti kwenye kopo la maziwa na kumwambia achague. Mzee mmoja alikuwa amefanya kipande cha reli kuwa benchi mbele ya nyumba yake, aliomba tu akikalie mara ya mwisho, akakaa, akainuka, akasema, "Beba."

Salomon Kitenge alikuwa jambo jingine. Alikuwa na kiwanja kipana, lupango yake, karibu na barabara ya kutokea mjini, na uzio wake wote wa mbuzi ulikuwa vipande vya dekovili vilivyosimamishwa wima, kimoja karibu na kingine. Uzio ule peke yake ungeziba sehemu kubwa ya pengo la dembo. Salomon alimwona Émerence akija na hakumfungulia. Alimwacha asimame nje, mbuzi wakimtazama kati ya vyuma.

"Jambo yenu, Tata Salomon."

"Jambo."

Émerence akaeleza. Salomon alisikiliza huku akimkuna mbuzi mmoja kati ya pembe.

"Kwa hiyo mbuzi yangu itoke inje, kwa sababu ya mahindi yenu," akasema.

"Haiko mahindi yetu tu, tata. Familia mingi iko kule. Maji inapanda."

"Unataka reli?" Salomon akauliza. Alisema polepole, na alipaza sauti kidogo, kwa sababu jirani alikuwa anaanika nguo. "Ungefuata ile ilipeleka benu ku Kasai. Ile iko nzima. Haina hata shimo."

Jirani akainamia beseni lake la nguo. Émerence alishika chuma kimoja cha uzio. Alikuwa mwalimu, na katika mtaa ule kulikuwa na watoto wa Salomon aliowafundisha kusoma. Maneno mengi yalimjia, mengine ya Tshiluba cha baba yake, akayameza yote.

"Nimesikia, Tata Salomon. Nitarudia kesho."

Akarudi kesho yake, akasimama palepale, akasalimu, akaomba, akakataliwa. Akarudi tena. Salomon aliingia ndani na kumwacha na mbuzi.

Nyumbani hakusema lolote kuhusu Salomon. Lakini jirani mwenye nguo alisimulia, na habari ikamfikia Wenceslas kupitia kwa kinyozi. Wenceslas alirudi, akasimama mbele ya mke wake aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Kisha akaenda nyuma ya nyumba na kutafuta panga.

"Unaenda wapi?"

"Ku dembo."

"Kufanya nini peke yako?"

"Kukata majani," Wenceslas akasema. "Weye umeomba ya kutosha. Hata kama hatupate vyuma yote, majani inaweza kukatwa."

Akaenda na suruali yake ya ofisini, maana nyingine hakuwa nayo.

Baada ya siku chache hakuwa peke yake. Shule ya Émerence ilikuwa imejaa watu waliokimbia vijiji, wamelala madarasani, na wengi wao walikuwa wameacha watu wao ng'ambo. Waliposikia kwamba kuna mtu anakata majani kwenye tuta la dekovili, walikuja na majembe, wengine mikono mitupu. Wakaja wazee wawili wa reli kubwa waliokuwa na spana. Akina mama wa kwaya walileta mihogo ya kuchemsha. Vipande vya reli vilibebwa mabegani, watu wanne kwa kila kipande, wakiimba ili hatua zilingane. Hakuna aliyekuwa na uhakika wa namna ya kuviunga. Walijaribu hivi, kikainama. Walijaribu vile, kikakaa. Pale chuma cha kukingama kilipokuwa kimeoza waliweka mti.

Wenceslas aligeuka rangi kwa jua. Jioni alirudi na malengelenge mikononi, akala bukari, ugali wa kwao, akalala kama jiwe. Émerence alimpaka mafuta ya mawese kwenye viganja akiwa usingizini na akafikiri kwamba ilikuwa zamani sana hajamwona mtu huyu akilala vizuri.

Kisha askari wakamchukua.

Walikuja dembo asubuhi, wakauliza nani mkubwa wa kazi ile, na kwa kuwa hakuna aliyejibu, Wenceslas akasema ni yeye. Émerence alipofika na Pasteur kwenye nyumba ya komanda wao alimkuta mume wake amekaa chini barazani, bila viatu, bila mkanda, kati ya magunia matupu. Askari walikuwa wanamruka wanapopita, kama mtu anavyoruka dimbwi. Wenceslas alimwona mke wake na akatazama pembeni.

Komanda alikuwa kijana kuliko walivyodhani, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu wa Lingala. Alimwacha Émerence na Pasteur Zébédée wasimame.

"Nani aliwapa ruhusa kutengeneza reli?" akauliza. "Ni wakati ya vita. Mutu anatengeneza njia, anamutengenezea nani? Adui?"

Pasteur akaanza, "Mon commandant, katika moyo ya amani…"

"Nauliza mama."

"Ninatengenezea batoto yangu babili," Émerence akasema. "Beko ku Lusenji na shangazi yao. Na bantu bengine mingi beko kule."

"Na adui akipita juu yake?"

"Ile reli ni ndogo, mon commandant. Vigari vyake havina moteri. Adui akitaka kupita nayo, atashuka kwanza asukume."

Askari mmoja mlangoni akacheka, akajifanya anakohoa. Komanda hakucheka, lakini alimtazama Émerence vizuri zaidi.

"Vyuma ni ya Leta, ya serikali," akasema.

"Njo vile. Leta ikiwa na camion, gari ya kupita mu maji, itupatie, sisi tutarudisha vyuma leo. Kama haina, ituache tusukume."

Pasteur alifumba macho.

"Basoda yangu wanakula nini, unajua?" komanda akauliza mwishowe, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wanakula mihogo bila kitu. Mukileta mahindi, sehemu yetu inatoka mbele."

"Itatoka," Émerence akasema. "Lakini bantu batoke kwanza. Kigari ya kwanza ni ya bagonjwa na batoto. Kisha mahindi, na yenu mutapata mbele ya Pasteur, kila mutu anaona."

"Madame, unabishana kama mwalimu."

"Niko mwalimu."

Komanda akapunga mkono. Wakamrudishia Wenceslas viatu. Mkanda haukuonekana, na hakuna aliyeutafuta sana.

Walipitia sokoni kurudi nyumbani, kwa kuwa hakuna njia nyingine. Wenceslas alishika suruali kwa mkono mmoja na kuamkia watu kwa mkono wa pili. Watu waliitikia kwa heshima kubwa mno, wakitazama usoni tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nyuma ya duka la mwisho Émerence alisimama, akachana pindo la kikwembe chake, akamfunga mume wake kiunoni kwa kitambaa chenye maua ya manjano.

"Sasa uko sawa bibi harusi," akasema.

Wenceslas akajitazama. Akaanza kucheka, kwanza puani, kisha kwa mwili wote, mpaka akalazimika kuegemea ukuta. Émerence naye akacheka, na machozi yakamtoka, na hakujua yalikuwa ya jambo gani, ila yalikuwa mepesi.

Siku iliyofuata mbuzi wa Salomon walikuwa barabarani.

Mwanzoni watu walidhani wametoroka. Kisha wakamwona Salomon mwenyewe akija dembo, amebeba ncha ya mbele ya kipande cha reli, na nyuma yake wakwe zake watatu. Waliteremsha, wakarudi, wakaleta kingine. Mmoja wa wakwe ndiye aliyemwambia Émerence kilichotokea: usiku uliopita mtu aliyetoka Lusenji alisema kwamba amemwona Noémie kule, binti wa Salomon aliyeolewa Kabongo, ambaye hawakuwa na habari zake tangu Noeli. Amemwona na mtoto mchanga.

Salomon hakumsalimu Émerence siku ile nzima. Alifanya kazi kama mtu anayelipia kitu, bila kupumzika, shati limemganda mgongoni. Jioni alikuja pale Émerence alipokuwa akigawa mihogo.

"Hizi njo za mwisho," akasema. "Mbuzi nitafunga kamba."

Émerence angeweza kusema mengi. Akina mama wa kwaya walikuwa wakisubiri aseme.

"Kula, Tata Salomon," akasema, akampa muhogo.

Akaupokea kwa mikono miwili, akaenda kula mbali na wengine, amewapa mgongo.

Reli ilipokwisha kuungwa walitoka asubuhi moja, mvua ikiwa imepumzika. Kigari cha kanisa kilitangulia, na cha pili, ambacho walikikuta kimepinduka kwenye majani na kukipaka grisi, kikafuata. Wanaume walisukuma, wanawake walitembea nyuma na panga na miti ya kunyanyulia. Pande zote mbili maji ya dembo yalikuwa yamelala kimya, yana rangi ya chai, na tuta lilipita katikati yake likiwa jembamba na lenye utelezi. Magurudumu yalilia kila yalipopita kwenye maungo.

Kwenye daraja dogo la dekovili, pale maji yalipokula ukingo wa tuta, kigari cha mbele kiliruka reli na kuinama. Watu walipiga yowe moja fupi. Kilibaki kimening'inia, gurudumu moja hewani. Kisha Salomon akashuka ndani ya maji mpaka kifuani, akaweka bega chini ya chuma. Wengine wakamfuata. Walinyanyua, wakakosea, wakanyanyua tena. Kiliporudi kwenye reli kilitoa mlio kama wa kufuli, na Pasteur Zébédée, mwenye matope mpaka kwenye nyusi, akasema amina bila kuanza na sala. Wakaweka miti na mawe pale palipolegea, wakaendelea polepole zaidi.

Ferme ya Lusenji ilionekana saa za mchana. Kwanza paa la ghala la zamani la pamba, kisha moshi, kisha watu waliosimama wakiwa wamekinga macho kwa mikono. Halafu msichana mmoja mrefu mwenye gauni la bluu akaanza kukimbia juu ya tuta, na nyuma yake mvulana mdogo aliyekuwa akianguka na kuinuka.

Émerence alitaka kukimbia pia, akashindwa. Alikaa chini palepale juu ya reli. Mira alimkuta hivyo, akamwangukia, Béni akafika na kujirusha juu yao wote wawili. Walikuwa wananuka moshi na mahindi. Alivishika vichwa vyao, akavihesabu kwa viganja, kimoja, cha pili, akarudia.

"Mama, unalia," Béni akamwambia, kama anayemjulisha.

"Ndiyo. Niache nilie kidogo."

Dorothée alikuwa ndani ya ghala, amekaa juu ya magunia kama walivyoambiwa, miguu imevimba na kufungwa majani, fimbo mkononi. Alimtazama mdogo wake akiingia: matope, malengelenge, kitambaa cha maua kiunoni.

"Wenceslas," akasema. "Nani amekuvalisha vile?"

"Ni historia murefu, Yaya. Tunaenda."

"Nilishasema, sipande mu kipoyi."

"Haiko kipoyi. Ni treni."

Dorothée akanyoosha shingo kuangalia nje ya mlango. Aliangalia kigari kwa muda, magurudumu yake, watu waliokizunguka.

"Kama ni treni, tikiti iko wapi?"

Wenceslas alisimama wima. Ilikuwa miezi mingi mtu hajamuuliza habari ya tikiti.

"Yaya, weye utasafiri kwa neno yangu," akasema. "Minyi njo guichet."

"Sawa," Dorothée akajibu. "Munipandishe mbele. Nyuma kuna vumbi."

Hapakuwa na vumbi popote kwa siku nyingi, lakini walimpandisha mbele. Wakapanda na wagonjwa, na bibi mmoja kipofu, na watoto wadogo wa wote. Noémie alikuwa kati ya wanawake waliosimama pembeni, amekonda, mtoto amefungwa mgongoni. Salomon alimwona, akamwendea, akasimama bila kujua mikono aiweke wapi. Akamfungua yule mtoto taratibu, akamlaza kwenye kigari, kwenye mapaja ya Dorothée, kisha akarudi nyuma na kushika chuma cha kusukumia. Émerence naye alikuwa ameshika palepale. Mikono yao ilikuwa karibu.

"Ule ni mujukuu yangu," Salomon akasema, akitazama mbele.

"Nimemuona, tata. Ni muzuri."

"Aksanti, mwalimu."

Wakasukuma.

Walivuka daraja dogo bila kitu kuruka. Dorothée alikuwa amekataza watu kuongea, na wakati wa kupita pale alimshika mtoto wa Noémie kwa nguvu mpaka akalia, na kilio chake kikawa sauti pekee juu ya maji yote yale. Ng'ambo ya pili mtu akaanza wimbo wa kanisa, na wengine wakaupokea wakihema, kila mmoja kwa sauti yake.

Mahindi yalifuata safari zilizofuata. Askari walikuwa wanangoja kwenye nchi kavu. Walichukua magunia waliyokubaliana, kisha wakachukua moja zaidi, na Pasteur akawaangalia, nao wakamwangalia, na hakuna aliyebishana. Magunia mengine yalipanda kwenye kinga na kuingia mjini. Sehemu ikaenda shuleni kwa watu waliolala madarasani, na madirisha ya madarasa yakaanza kutoa moshi wa kupika.

Kwa Wenceslas nyumba ilijaa. Dorothée alipewa kiti cha Wenceslas, kile ambacho mdogo wake alikuwa akikalia miezi yote ile, na kutoka hapo akaamuru mambo: chumvi imezidi, Béni aoge tena, mlango ufungwe mbuzi za watu zisiingie. Émerence alipika bukari kubwa kuliko sufuria lilivyotaka. Walikula wote kwa mkono katika sinia moja, na kwa muda hakuna aliyetaja vita, ingawa vilikuwa bado palepale vilipokuwa.

Wenceslas alitoka nje kunawa. Mwanamke asiyemjua alikuwa amesimama kando ya barabara na beseni tupu kichwani, na kwa namna alivyosimama ilionekana amengoja wamalize kula.

"Jambo yenu, tata. Balinionyesha hapa." Aliteremsha beseni. "Niko na mama yangu ku Lusenji. Nilitaka kuuliza, treni itatoka tena saa ngapi?"

Wenceslas alikausha mikono kwa pindo la shati. Aliangalia mbingu upande wa dembo, ambako mawingu yalikuwa yamefunguka, akafikiri kidogo kama afikirivyo mtu mwenye jibu.

"Kesho asubui," akasema. "Kuya mapema, mama. Nafasi iko."